Tunazunguka pwani kwa gari-nyumba na mbwa wetu: je, tunaweza kumwacha ndani peke yake?

Swali: Daktari, mimi na mume wangu tumekodi gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na choo ndani, tuzunguke nalo pwani kwa wiki tatu. Tunaye mbwa jike, Nyota, ana miaka saba na kilo 25, na hajawahi kuiona bahari. Zipo siku tutakazotaka kuingia mahali ambapo mbwa haruhusiwi: makumbusho, mkahawa, safari ya mashua. Je, tunaweza kumwacha garini kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi? Na kuna nini kingine cha kujiandaa nacho ambacho watu wengi hawakifikirii?

Jibu: Dada, naanza na swali lako la kwanza, maana ndilo lililobeba uhai wa Nyota. Mnaweza kumwacha kwa muda mfupi, asubuhi mapema au jioni, gari likiwa kivulini na ninyi mkiwa umbali wa kutembea dakika tano. Mchana wa jua msimwache, hata kiyoyozi kikiwa kinavuma. Na siku ya mashua msimwache kabisa, iwe saa yoyote ile, kwa sababu mashua haigeuzi kurudi ufukoni eti mmoja wenu ameingiwa na wasiwasi.

Nitaeleza sababu, kwani katazo lisilo na sababu huvunjwa siku ya tatu tu ya likizo.

Gari-nyumba humdanganya mwenyewe. Lina pazia, lina sinki, lina kitanda chenye shuka, basi tunaliona ni nyumba, na nyumbani mbwa huachwa peke yake bila taabu. Lakini kuta zake ni nyembamba, na kile kioo kikubwa cha mbele hupokea jua siku nzima. Vipimo vilivyofanywa kwenye magari madogo vinaonyesha kwamba nje kukiwa na nyuzijoto 24 tu, yaani hali ya hewa ya kupendeza kabisa, ndani hufika kama 34 baada ya dakika 10 na 43 baada ya nusu saa. Kuacha dirisha wazi upana wa vidole viwili hakubadilishi mengi. Gari-nyumba ni kubwa zaidi, kwa hiyo joto hupanda polepole kidogo, lakini safari ni ile ile.

Utaniambia: lakini kiyoyozi kipo. Kipo, na kinategemea umeme. Mahali pa kuegesha magari ya kulala huwa na soketi ya umeme kwa kila gari, na umeme huo una kikomo. Saa saba mchana jua likiwa utosini, kila gari huwasha kiyoyozi chake kwa pamoja, na hapo ndipo swichi hukatika. Yaani umeme huelekea kukatika saa ile ile unapohitajika kuliko saa nyingine zote. Jenereta nayo huzimika mafuta yakiisha au ikipata moto kupita kiasi, na betri hazihimili kiyoyozi kwa muda mrefu.

Niliwahi kumpokea mbwa aliyeachwa hivyo. Wenyewe walikuwa watu makini: mapazia yameshushwa, bakuli limejaa maji, kiyoyozi kimewekwa nyuzi 22. Walikwenda kula chakula cha mchana, wakarudi baada ya saa moja na nusu. Umeme ulikuwa umekatika, hatujui tangu saa ngapi. Yule mama alikuja kwangu bado ameshika lile bakuli, na lilikuwa na maji nusu. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba maji yalikuwepo. Mbwa tulimpoteza jioni ile. Tangu siku hiyo nawaambia watu wazi: mbwa akishafungiwa kwenye hewa ya moto, maji ya kunywa peke yake hayamwokoi.

Sababu yake iko kwenye ulimi. Sisi tunapoza mwili kwa jasho juu ya ngozi nzima. Mbwa ana tezi chache za jasho, nyingi zikiwa kwenye nyayo, kwa hiyo kutweta ndiyo njia yake kuu: maji huvukizwa kutoka kwenye ulimi na njia ya hewa, na uvukizaji huo huondoka na joto. Hewa ya pwani imejaa unyevu. Kadiri hewa ilivyoshiba maji, ndivyo uvukizaji unavyozorota, na mbwa hutweta sana akipata nafuu ndogo. Ndiyo maana ufukweni wewe unaweza kuburudika na upepo unaokausha jasho mgongoni, huku mbwa pembeni yako anazidi kupanda joto. Usimpime kwa raha yako. Mwangalie ulimi: ukiwa mrefu, umepanuka nchani na mate yamekuwa mazito yananata, muda wake wa juani umekwisha.

Kuna vifaa vya kupima joto la ndani ya gari na kutuma ujumbe kwenye simu. Nunueni, ni vizuri. Ila kumbukeni kwamba kifaa hicho hakipozi mbwa, kinakuita tu. Kikikuita ukiwa dakika tano, kimekusaidia. Kikikuita ukiwa katikati ya maji, au mahali pasipo na mtandao, kama ilivyo kwenye pwani nyingi zilizo mbali na miji, umepata tu habari mbaya mapema.

Kwa hiyo siku za makumbusho gawaneni zamu: mmoja aingie, mwingine abaki na Nyota kivulini, kisha mbadilishane. Kwa siku ya mashua tafuteni kituo kinacholea mbwa kwa siku, na mtafute sasa kabla hamjaondoka.

Maadam tuko kwenye joto, mjue la kufanya likitokea. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Likipita 41 viungo vya ndani huanza kuumia. Dalili ni kutweta kusikokoma, ufizi mwekundu mno, kutapika, kuyumba, kisha kuanguka. Hapo mpozeni kwanza, ndipo mwende kwa daktari. Wengi hufanya kinyume: humbeba mbio kwenye gari la moto, na dakika 30 za barabarani humaliza kazi. Mmwagieni maji mwilini kwa wingi, yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake, mkimpepea bila kuacha. Mbwa mwenye afya njema na ambaye si mzee anaweza hata kutumbukizwa kwenye maji ya baridi, kichwa kikiwa juu. Msimfunike kwa taulo lililolowa mkaliacha juu yake, kwa kuwa taulo hilo hupata moto upesi na kugeuka blanketi. Wekeni kipimajoto kwenye sanduku la dawa, kile cha kuingizwa njia ya haja kubwa, na joto likishuka kufikia nyuzi 39 acheni kupoza. Hata akisimama na kutikisa mkia, bado mpelekeni, kwani figo na damu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Sasa barabarani. Kiyoyozi cha dereva hupoza sehemu ya mbele. Nyuma, kule mbwa anakolala, huwa kuna hali nyingine kabisa ya hewa, na wakati mwingine sakafu yenyewe huchemka kwa joto la bomba la moshi linalopita chini. Chukueni kipimajoto cha chumba, kifungeni usawa wa pua ya Nyota mahali atakapokaa, muendeshe saa moja, kisha msome. Nimewashauri watu wengi kufanya hivyo, na karibu wote walihamisha kitanda cha mbwa kabla ya siku kuisha.

Afungwe, tafadhali. Najua inaonekana ukatili kumfunga mbwa ndani ya nyumba yenye nafasi ya kutembea. Lakini gari likigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa, kila kisichofungwa huendelea mbele kwa mwendo huo huo, na nguvu yake ni sawa na ya kuanguka kutoka urefu wa mita 10. Kilo 25 kutoka mita 10, zikielekea kisogoni kwa mume wako. Kizimba imara kilichofungwa kwenye fremu ya gari ndicho bora. Kama hakuna nafasi, mkanda wa kifuani uliotengenezwa kwa ajili ya gari, uliounganishwa na mkanda wa kiti, si kamba iliyofungwa kwenye kola ya shingoni. Na kama mngekuwa na tela la kulala linalovutwa nyuma ya gari, ningesema mbwa asipande humo hata mara moja: hakuna anayemwona, hewa haizunguki, na tela huyumba kuliko gari linalolivuta.

Simameni kila baada ya saa mbili. Chakula cha asubuhi apewe saa tatu au nne kabla ya kuondoka, na kiwe kidogo. Akianza kulamba midomo, kutoa udenda na kupiga miayo mfululizo, hizo ni dalili za kichefuchefu na si usingizi. Daktari wenu anaweza kumwandikia dawa iitwayo maropitanti. Msimpe dawa zenu za safari kwa kukisia.

Na kabla ya yote hayo, aanze kulizoea gari likiwa limesimama. Mkilipata siku chache mapema, alale humo usiku mmoja, na mmoja wenu awe naye. Kesho yake washeni injini bila kuondoka. Gari-nyumba hupiga kelele ambazo hatuzisikii tena tukishazizoea: sahani hugongana kabatini, pampu ya maji hunguruma, paa hulia upepo ukivuma. Mbwa anayezisikia zote kwa mara ya kwanza huku sakafu inatembea, hofu hiyo huibeba wiki tatu.

Nije kwenye bahari yenyewe, maana hapa ndipo wengi hawafikirii. Hatari ninayoiona mara nyingi zaidi ni chumvi, tena kwa mbwa wenye furaha wanaocheza kuliko kwa wanaozama. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mbwa hahitaji kuinama na kunywa; kila anapofungua kinywa kudaka mpira majini, hupata funda. Mpira wenye manyoya ndio mbaya zaidi, kwa sababu hunyonya maji na yeye huukamua kwa meno akirudi nao. Chukueni kitu bapa kinachoelea, ambacho anaweza kukinyanyua kwa ncha ya mdomo.

Chumvi kidogo huleta kuhara siku hiyo hiyo, na wenyewe hushangaa kwenye gari dogo namna ile. Chumvi nyingi hupanda kwenye damu na kuvuta maji kutoka kwenye seli za ubongo: mbwa hutapika, hulegea, hutembea kama mlevi, hutetemeka, na mwisho hupata degedege. Akifikia kuyumba, hapo ni hospitali. Msijaribu kumnywesha maji mengi kwa nguvu mkidhani mnaisafisha, kwani chumvi ikishushwa kwa kasi mno ubongo huvimba, na daktari huishusha kidogo kidogo kwa saa nyingi.

Kinga yake ni rahisi, na inafuata saa: dakika 15 au 20 za kucheza, kisha mnatoka majini, mnakaa kivulini, anakunywa maji matamu. Mbwa wa kilo 25 hunywa kama lita moja na nusu siku ya kawaida; kwa siku ya ufukweni bebeni tatu. Kama hapendi ladha ya maji ya tangi la gari, na mbwa wengi hawaipendi, anzeni na madumu ya maji ya nyumbani na kuyachanganya polepole na ya njiani. Mkimaliza, mwosheni chumvi kwa maji matamu hadi kwenye ngozi, hasa kwapani na katikati ya vidole, na mkaushe masikio. Ngozi yenye chumvi iliyokaukia chini ya mkanda hugeuka kidonda siku ya pili.

Mchanga nao huliwa. Kidogo hupita, mwingi hujibana tumboni kama saruji. Mbwa aliyechimba siku nzima kisha akatapika na kushindwa kujisaidia anahitaji picha ya tumbo. Kwa mchanga wa moto tumia mgongo wa mkono wako: uweke chini sekunde saba, na ukishindwa kuvumilia, nyayo zake zisikanyage.

Mawimbi yana tabia inayowahadaa mbwa. Pale maji yanapoonekana tulivu katikati ya mapovu, mara nyingi ndipo mkondo unaporudi baharini kwa kasi. Mbwa anayevutwa na mkondo hujaribu kuogelea moja kwa moja kuelekea kwako, na huchoka. Usiingie kumfuata, watu wamekufa maji kwa namna hiyo huku mbwa wao wakitoka salama. Tembea kando ya ufuko kwenda upande mmoja, ukimwita kwa sauti, ili akikufuata aogelee kwa kukata pembeni na kutoka kwenye mkondo. Jaketi la kujiokolea lenye mshikio mgongoni mvalisheni tangu siku ya kwanza, hata kama anajua kuogelea. Na fuateni majira ya maji kujaa na kupwa ya kila mahali mnapolala, hasa mwezi ukiwa mpevu au umeandama, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Ufuko mpana mliouona asubuhi unaweza kumezwa wote alasiri, ninyi na mbwa mkiwa upande wa pili wa mwamba.

Vitu vilivyotupwa na maji ufukweni asivionje. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, hata akifa bado ana sumu kali, na sumu hiyo haiondoki kwa kukauka. Mwaka 2009 mbwa kadhaa walikufa kwenye fukwe za Auckland, New Zealand, na uchunguzi ulikuta sumu ile ile ya bunju ndani ya konokono wa baharini wasio na gamba. Yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi ndefu, hata akilala mchangani bado anawasha. Akimgusa, ondoeni nyuzi zake kwa kijiti au kwa mkono wenye glavu, na msuuze kwa maji ya bahari, kwa sababu maji matamu hufanya vifuko vya sumu vilivyobaki vipasuke. Akimeza ndoana na mshipi umening'inia mdomoni, msiuvute na msiukate mfupi. Ufungeni kwenye kola mwende hospitali, maana daktari ataufuata huo. Kwenye fukwe wanazotagia kasa au ndege, Nyota awe kwenye kamba muda wote, hata kama hakuna anayewaona.

Usiku kuna mambo mawili. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa na kujaa chini, na chini ndiko anakolala mbwa. Hakikisheni kengele ya gesi ipo karibu na sakafu na inafanya kazi, na kengele ya monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu itokayo kwenye jenereta, ipo pia. Msilale jenereta ikiwaka. La pili ni mlango. Mbwa wengi wa safarini hupotea mlangoni, mtu akishuka kuchukua kitu kidogo tu. Mfundisheni kusubiri hadi aitwe. Ufunguo wa gari nao utundikeni kwenye ndoano ile ile ya kamba yake, ili asiwashe gari mtu yeyote bila kwanza kuona kama kamba ipo. Nimeshaona gari likiondoka na mbwa amefungwa nyuma. Dereva alisimama baada ya mita chache kwa kusikia kelele za jirani, na hiyo ilikuwa bahati.

Karatasi nitazipitia upesi. Mkivuka mpaka, anzeni miezi kadhaa kabla. Kuingia Umoja wa Ulaya kunataka chipu ya utambulisho ya tarakimu 15, ile ndogo inayowekwa chini ya ngozi, iwekwe kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na zipite siku 21 baada ya chanjo ya kwanza. Uingereza, Ireland, Malta, Finland na Norway hutaka pia dawa ya minyoo ya tegu ndani ya saa 24 hadi 120 kabla ya kuingia. Marekani, tangu Agosti 2024, hutaka mbwa awe na angalau miezi sita na awe na chipu. Hata msipovuka mpaka wowote, chipu iwe na namba ya simu mnayoipokea sasa, na namba hiyo hiyo iwe kwenye kola. Mwulizeni daktari wenu kuhusu kupe wa kwenye majani ya vilima vya mchanga, na kuhusu minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu.

Siku mtakayofika baharini, dada, msiende naye mbio majini mkipiga picha. Mchukueni jioni, jua likiwa limeshuka, kwa kamba ndefu ya mita kumi hivi. Kaeni chini mchangani, mbali na mapovu, mumwachie aamue. Atasimama. Atanusa upepo kwa muda mrefu kuliko mnavyotarajia, atausogelea mstari wa maji na kurudi nyuma, labda mara tano au sita. Akirudi kwenu na kulala ubavu bila kuyagusa maji, hiyo inatosha kwa siku ya kwanza, na kesho mtarudi naye mahali pale pale.